Nilianza Kudai Barua

Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, Mombasa, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mtunza stoo katika hoteli za Pwani ya Kusini. Ni mwanamume ninayependa wanaume. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonipotezea kazi, na ndilo lililonifanya mimi, mtu wa kuhesabu magunia ya mchele na mitungi ya gesi, nianze kusoma hukumu za mahakama usiku. Jina langu silitoi hapa kwa ajili ya mama yangu. Wanaonifahamu watanitambua, na hao hawanitishi tena.

Kanisani kwetu mtu husimama akatoa ushuhuda wa jambo lililomgeuza. Langu ni kesi ya watu wengine, iliyoanzia Nairobi kwa barua ya kukataliwa.

Mara ya kwanza nilipopigwa kalamu, mambo yalikwisha kabla chai ya saa nne haijaletwa. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa ameona picha kwenye simu yangu. Picha ikatajwa jikoni, kutoka jikoni ikafika mapokezi, kutoka mapokezi ikapanda ofisini. Meneja hakuniambia niketi. Alisema niache funguo na sare, nisirudi. Nilipouliza kosa langu akanijibu, "Unalijua mwenyewe." Hapakuwa na barua wala notisi. Mshahara wa siku nilizofanya nilipewa mkononi, bila hata karatasi ya kutia sahihi. Haukupita muda mwenye nyumba naye akaniambia hataki kodi yangu, anataka chumba chake. Yeye pia hakutaja sababu, aliangalia pembeni tu.

Nataka msomaji aelewe nilivyoliona jambo hilo wakati ule. Sikuwaza kwamba nimedhulumiwa. Sheria niliyoijua ilikuwa moja: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162 chenye kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 chenye miaka 5. Vifungu hivyo tuliachiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, lakini mitaani hutajwa kana kwamba vilitungwa na mababu zetu. Mtu wa aina yangu akisikia mahakama alikuwa anaona kizimba, na yeye ndiye aliyesimama ndani yake. Nani angejipeleka kwa hakimu kusema amefukuzwa kazi kwa kuwa ni shoga, huku anahofia kwamba karani ataita askari? Waajiri wanaijua hofu hiyo vizuri sana. Hawana haja ya kututisha. Wananyamaza tu, wakijua nasi tutanyamaza.

Wala haikuwa hofu ya kufikirika. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa huku kwetu Kwale, wakafikishwa mahakama ya Ukunda, na wakafanyiwa kwa lazima uchunguzi wa sehemu za siri pamoja na vipimo vya damu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona uchunguzi ule ni halali. Niliwaona watu wakifuta namba za simu. Wengine walihama mtaa, wengine wakaposa haraka haraka. Kisha Machi 22, 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ikatengua uamuzi huo: watu wale walivunjiwa haki na utu wao, na ushahidi uliopatikana kwa njia ile hauwezi kutumiwa dhidi yao.

Nilisoma habari hiyo gazetini, wakati huo nikiwa kibarua wa kupakua mizigo soko la Kongowea. Niliirudia mpaka nikahisi wenzangu wananitazama. Majaji walikuwa wamewasikiliza watu walioshukiwa kuwa kama mimi, tena katika mji wangu, wakawapa haki. Sikuwa nimewahi kudhani kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea.

Nikaanza kuulizia nani aliyekuwa nyuma ya rufaa ile. Nikaelekezwa kwenye shirika ambalo mwanasheria Eric Gitari ni mmoja wa waanzilishi wake, na ndipo nikaambiwa kwamba shirika lenyewe liko mahakamani likipigania kusajiliwa.

Habari yake ni hii. Gitari alikwenda kwenye Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kutaka kuhifadhi jina la shirika la kutetea haki za binadamu za mashoga na wasagaji. Akaambiwa jina halikubaliki. Akapeleka majina mengine, nayo yakakataliwa, kwa sababu yote yalikuwa yanawataja watu walewale. Machi 2013 bodi ikamwandikia barua ikieleza kwa nini: Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 162, 163 na 165, inaharamisha mahusiano ya jinsia moja, kwa hiyo shirika la watu hao haliwezi kuandikishwa. Gitari akaichukua barua hiyo akaenda nayo Mahakama Kuu.

Aprili 24, 2015 majaji watatu, Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na George Odunga, walimpa haki. Bodi ikakata rufaa. Machi 22, 2019 Mahakama ya Rufaa ikaamua vilevile, majaji watatu dhidi ya wawili, na miongoni mwa wale watatu alikuwamo Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021. Bodi ikapanda tena, hadi Mahakama ya Juu.

Kilichonishangaza ni jinsi hoja za majaji zilivyokuwa za kawaida. Nilitarajia mambo mazito ya kigeni. Walichosema ni kwamba Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kujumuika na wenzake, na shoga ni mtu. Kwamba Kanuni ya Adhabu inaadhibu vitendo fulani. Haimwadhibu mtu kwa kuwa alivyo, wala haimkatazi kuunda shirika. Kwamba Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na mambo yanayoorodheshwa pale, rangi, jinsia, dini, mimba, ulemavu na mengineyo, yametolewa kama mifano, hayakufunga mlango. Na kwamba chuki ya wengi, hata ikitajwa kwa jina la maadili, haitoshi kumnyima mtu haki ambayo Katiba imempa. Hayo ningeweza kumweleza dereva wa matatu kati ya Likoni na Ukunda akanielewa, hata kama asingekubali.

Lakini nilipoisoma hukumu ya rufaa, nilirudi mara kwa mara kwenye ile barua ya Machi 2013. Mabishano ambayo mwishowe yangechukua karibu miaka kumi, katika mahakama tatu, yalisimama juu ya ukurasa ambao ofisi ya serikali iliuandika yenyewe na kuutia sahihi. Ofisi ile iliandika sababu zake kwa sababu iliamini ni halali. Bosi wangu hakuandika chochote kwa sababu alijua si halali. Hilo liliponiingia akilini, nilikaa kitako. Miaka yote nilikuwa nikidhani ukimya wake unatokana na nguvu, kumbe ulitokana na kujikinga.

Wakili mmoja wa kike anayetoa ushauri wa bure hapa mjini ndiye aliyenifungua macho kwa yaliyobaki. Nilimsimulia jinsi nilivyofukuzwa, naye akauliza swali moja tu: "Kaka, una karatasi gani?" Nikamwambia sina. Akanitolea Sheria ya Ajira ya 2007 akanionyesha kwa kidole. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa mwenendo au utendaji wake, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize majibu yake. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kazini, na mtu akidai amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kwamba hakubagua. Na Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Akaniambia pia kwamba madai ya kazi hufa baada ya miaka mitatu. Yangu yalikuwa yameshakufa. Hakunifariji kwa maneno matamu, na namheshimu kwa hilo. Alinipa kalamu na daftari akasema, "Kuanzia leo andika kila kitu. Tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwapo."

Mwezi wa tano mwaka uleule wa 2019 tulipata pigo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165. Wenzangu wengi walilia. Mimi niliumia, lakini sikurudi nilikotoka, kwa kuwa nilikuwa nimeshaelewa kitu ambacho hukumu ile haikukigusa: hata vifungu vile vikibaki, havimpi mwajiri ruhusa ya kuniondoa mlangoni kwa maneno ya mdomo.

Nikapata kazi nyingine ya stoo, hoteli nyingine. Nikaandika daftari langu kimya kimya.

Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake Ijumaa, Februari 24, 2023. Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u walisema kuwanyima watu usajili kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Mohamed Ibrahim na William Ouko walipinga. Ukijumlisha tangu mwanzo, majaji 13 walikuwa wameisikiliza kesi ile na 9 wakaona Gitari ana haki. Mimi nilijumlisha hivyo jioni ileile, na nilijisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu yetu. Redioni ilikuwa ni sisi, kwenye vivuko ni sisi. Rais William Ruto akasema anaiheshimu mahakama lakini mila na dini zetu haziruhusu. Mbunge Peter Kaluma wa Homa Bay Mjini akaiomba Mahakama ya Juu iupitie upya uamuzi wake. Ombi hilo lilitupiliwa mbali Septemba 12, 2023. Watu walikuwa wakisema mahakama imehalalisha ndoa za jinsia moja. Haikufanya hivyo. Kesi haikuwa ya ndoa, na majaji walio wengi walisema wazi kwamba yeyote anayevunja sheria zilizopo, awe shoga au asiwe, atawajibika kwa sheria hizo. Nilitamani wahubiri wangeisoma hukumu kabla ya kuihukumu. Nilichapisha kurasa chache nikampelekea mmoja wao. Alizipokea kwa adabu, na nasadiki alizisoma, kwa sababu hakurudia tena yale ya ndoa.

Katika joto la miezi ile uvumi ulinifikia kazini tena. Meneja aliniita.

"Nadhani wewe na sisi tumefika mwisho," akasema.

"Sawa, bosi. Naomba niandikiwe barua yenye sababu."

"Barua ya nini? Kwani wewe hujui?"

"Ya kwangu nayajua. Ya kwako nataka niyasome."

Mikono ilikuwa ikinitetemeka, nikaificha chini ya meza. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniambia nirudi stoo. Wiki iliyofuata nikaitwa kikao, na nikaambiwa ninaweza kuja na mfanyakazi mwenzangu. Nilimchagua mama mmoja mpishi, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale hotelini, mtu wa swala tano ambaye hakubaliani hata kidogo na maisha yangu. Alikuja. Alisema jambo hili ni la kazi, na kazi ina utaratibu wake.

Kikaoni hakuna aliyetaja mapenzi. Walisema kuna upungufu wa bidhaa stoo. Nikaweka mezani kadi zote za bidhaa, za kuingia na za kutoka, kila moja na sahihi ya aliyechukua. Walizipekua, wakazifunga. Barua ilipokuja hatimaye, sababu ilikuwa imegeuka: hoteli inapunguza wafanyakazi. Kumbe kupunguza wafanyakazi nako kuna masharti. Kifungu cha 40 kinataka afisa wa kazi aarifiwe mapema, na anayeondolewa alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya. Afisa wa kazi hakuwa amearifiwa. Nilimpelekea barua yao mwenyewe. Baada ya mivutano nililipwa notisi, siku za likizo na kiinua mgongo, na nikapewa cheti cha utumishi, ile karatasi ambayo mara ya kwanza niliondoka bila hata kujua kwamba ipo. Kwa cheti hicho nikapata kazi ninayoifanya hivi sasa.

Sitasema nilishinda. Neno ubaguzi halikuandikwa popote katika faili lile. Kila mtu chumbani alijua kiini chake, na karatasi zote zinataja kitu kingine. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu nikaanza kusoma jinsi wengine walivyolivuka.

Nikakutana na kesi ya Marekani ya Gerald Bostock. Alikuwa mtumishi wa kaunti ya Clayton, jimbo la Georgia, akishughulikia ustawi wa watoto. Alijiunga na ligi ya mashoga ya mchezo wa softiboli, na mwaka 2013 akafukuzwa kwa mwenendo usiomfaa mtumishi wa kaunti. Nilipoifikia sababu hiyo niliitambua mara moja. Ni nduguye upungufu wa stoo. Kesi yake ilisikilizwa pamoja na ya Donald Zarda, mwalimu wa kuruka kwa parachuti, na ya Aimee Stephens, aliyefanya kazi katika nyumba ya mazishi huko Michigan na kufukuzwa baada ya kumwandikia mwajiri wake barua kwamba ataanza kuishi na kuvaa kama mwanamke. Juni 15, 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba sheria ya haki za raia ya 1964 inawalinda wote watatu. Jaji Neil Gorsuch alieleza hivi: mwajiri akimfukuza mwanamume kwa kupenda wanaume, huku mwanamke anayependa wanaume akiachwa aendelee na kazi, basi ameiangalia jinsia ya mtu, na kuangalia jinsia ndiko kulikokatazwa. Miaka mitatu baadaye majaji wetu walio wengi nao walisema jinsia katika Ibara ya 27 inabeba mwelekeo wa kimapenzi ndani yake.

Zarda alifariki 2014. Stephens alifariki Mei 2020, wiki chache kabla ya hukumu. Hakuna anayenisikitisha katika habari hizi kama hao wawili. Waliibeba kesi, wengine wakala matunda yake. Nikiwasikia vijana wakisema kesi hazina maana kwa sababu zinachukua muda, huwaeleza habari zao, na huwaambia pia kwamba mimi ni mmoja wa wanaokula.

Mama yangu aliniuliza, siku zile za hukumu yetu ya Februari 2023, "Baba, hao majaji wamelipwa na Wazungu?" Nikamsomea, nikimfasiria kidogo kidogo, tangu barua ya bodi hadi mwisho. Alisikiliza huku akichagua mchele. Yeye hajakubali nilivyo, na anaomba kila siku nibadilike. Hatugombani tena kwa hilo. Ila aliuliza, "Kwa hiyo mtu akikufukuza, lazima aseme kwa nini?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi waseme." Tangu hapo, jirani akipata shida kazini, awe ni mjakazi aliyenyimwa mshahara au bawabu aliyefukuzwa usiku, mama humtuma kwangu. Wengi wao hawana habari na mambo yangu na wala hawahitaji kuwa nayo. Sheria inayonikinga mimi ndiyo hiyohiyo inayowakinga wao, na nilichojifunza kwa uchungu wangu kinawafaa vilevile.

Wa kwetu huja pia, jioni, kwa kuelekezana. Sisi kwa sisi tunaitana kuchu, na mimi sasa wananiita mzee wa daftari. Nawaambia waandike tarehe, wapige picha karatasi za mshahara, watunze ujumbe wa simu, waombe sababu kwa maandishi hata kama wanajua hawatapewa, kwa maana ombi lenyewe ni ushahidi kwamba waliuliza. Huwaambia pia mapema kwamba vifungu vya 162 na 165 bado vipo, kwa hiyo barua ni ya kazi tu, yasiyoulizwa yasiandikwe. Ni ushauri unaonichoma ninapoutoa. Ningependa niishi niuone mwaka ambao mtu ataandika sababu ya kweli kwenye madai yake na kwenda nayo Mahakama ya Ajira mchana, bila kuogopa nani anamwona.

Wiki hii amekuja msichana anayefanya kazi ya mapokezi. Ameambiwa na msimamizi wake kwamba wateja hawamtaki kwa jinsi anavyovaa na anavyokata nywele, na kwamba mwisho wa mwezi asirudi. Tumeandika barua fupi kuomba sababu. Ameipeleka mwenyewe, akahakikisha nakala yake imepigwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo hajajibiwa. Jumatatu tunakwenda naye kwa afisa wa kazi.